Siku Nilipogonga Mabati kwa Ajili ya Video

Kama ulikuwa Gatwekera, huku Kibera, ile Jumamosi, na ukajikuta umesimama nje na godoro kichwani saa nne na nusu asubuhi, unauliza moto uko wapi na hakuna anayekujibu, basi mtu unayemtafuta ni mimi. Najisalimisha. Sijawahi kuisimulia hii habari bila kufunika uso na leso, lakini nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na watu wengine (kuna mmoja pale kwa kisiagi, kwa mashine ya kusaga unga, anasema nilikuwa nimelewa, na mimi hata soda nyeusi inanikimbiza moyo), kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe, halafu mnicheke mkiwa na ukweli mkononi.

Naitwa Nafula, ni mwalimu wa darasa la tano, ingawa hapa mtaani hilo jina halijulikani, mimi ni Madam tu, hata kwa watu walionizidi umri. Mwaka jana nikaingia masomo ya masters, elimu ya jamii, ya mtandaoni, unasomea kwa simu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kwenda nyumbani Bungoma kila Desemba na kuulizwa na mashemeji, eti bado uko palepale? Mambo yakaenda vizuri, insha nikaandika, mitihani nikafanya, mpaka tukafika somo la mwisho, na somo la mwisho jameni lilikuwa kutengeneza video. Si kuandika juu ya video, hiyo ningeandika hata nikiwa na malaria. Kutengeneza. Na mtengeneze mkiwa kikundi, watu watatu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, mmoja anaandika maneno na kuyasoma, mmoja anapiga picha, mmoja anahariri, yaani anakata na kuunganisha. Mkipita mnapita wote, mkianguka mnaanguka wote na mnarudia mwaka mzima.

Kikundi chetu kilikuwa na Njoroge wa Riruta, mwenye sauti nzito tamu, ukimsikia unadhani anatangaza habari ya saa moja, huyo tukampa maneno. Halafu kulikuwa na Achieng', mwalimu wa chekechea, ambaye siku ya kujuana alisema anaishi "upande wa Lang'ata". Mimi nikasema naishi "karibu na Ngong Road". (Na si uongo kamili. Ngong Road iko, na mimi niko karibu nayo, hasa ukinilinganisha na mtu wa Mombasa.) Mimi nikapewa kupiga picha, kwa sababu nilisema nina mkono uliotulia, na hiyo kweli ninao.

Lakini wacha niwaambie juu ya Achieng' kwanza, kwa sababu bila yeye hii hadithi ingeishia kwa aibu tupu. Huyo mwanamke hakuwahi kuhariri kitu maishani mwake. Alijifunza kwa wiki tatu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka mpaka nusu ya maandishi hayaonekani, anabonyeza kwa kukisia, na alipojua akatufundisha sisi, pole pole, bila kutuonyesha kwamba tunamchosha. Ukimtumia video haitazami kwanza. Anafunga macho, anaisikiliza yote, ndio afungue macho atazame. Alisema macho yanadanganyika upesi kuliko masikio. Halafu anakutumia ujumbe wa sauti, na kila ujumbe unaanza na sifa: "Madam, hapo kwa mikono yake umekaa vizuri, hujatingika hata kidogo." Ukishavimba kichwa ndio unasikia, "Lakini..." Mimi nimefundisha miaka kumi na minne, na nawaambia kutoka moyoni, nilijifunza kufundisha upya kutoka kwa huyo dada.

Mada ilikuwa yangu. Jirani yangu wa mlango wa mbele, Mama Otis, anatengeneza makaa ya kufinyanga: anachukua vumbi la makaa, anachanganya na udongo na maji, anafinyanga kwa mikono mipira mizuri ya kutoshea kiganjani, anaanika kwa magunia mpaka ikauke, na mipira yake inawaka kutoka githeri, mahindi na maharagwe, kuwekwa mpaka kuiva. Nikaambia kikundi, nimepata mama mmoja, "nitaenda field Kibera." Nitaenda field! Na huyo mama tukifungua milango pamoja, wangu unagonga wake. Njoroge akaandika, "Madam, chunga simu huko." Achieng' akaandika, "Ee, chunga sana." Na mimi, nikiwa nimekaa kitandani kwangu Gatwekera na matope ya Gatwekera kwa slipa, nikajibu, "Asanteni, nitachunga." Mungu alikuwa ananitazama tu.

Wikendi ya kwanza nikarekodi Mama Otis saa nzima nikiwa nimeziba tundu la sauti kwa kidole. Sauti ikatoka ya mtu aliyezikwa. Achieng' akanifundisha kutumia simu tatu, mbili za picha na moja ya sauti tu, mfukoni mwa anayeongea, na kwamba simu zote zikishaanza kurekodi upige makofi mara moja mbele yake, ili yeye akiona ule mlio kwa kila faili azilinganishe zote pale pale, mdomo uende na neno. Ni kitu rahisi, cha maana sana, na ukikielewa unajiona kama umefichuliwa siri ya wakubwa. Wikendi ya pili nikapiga makofi yangu. Tatizo ni kwamba mkono wa kulia wa ploti yetu kuna kisiagi, na mkono wa kushoto kuna kanisa la Wasabato lenye spika kubwa kuliko mlango wake, na makofi yangu yakamezwa na hivyo viwili yakaisha. Mama Otis kwa video akawa anafungua mdomo, na neno linakuja baadaye limechoka.

Ijumaa Achieng' akatuma sauti, na siku hiyo sifa ilikuwa fupi. "Madam, mkono umetulia. Lakini makofi yako siyaoni. Natafuta mlio napata kisiagi. Tafuta kitu kikali, kikavu, kifupi. Gonga mara tatu. Video inaingia Jumapili saa kumi na mbili jioni, na hii ndio nafasi ya mwisho." Njoroge naye akaandika mstari mmoja: "Tukikosa hii, tunarudia sote." Kurudia mimi ningevumilia, nimezoea kuanguka. Lakini kumrudisha Achieng' nyuma mwaka mzima, na kioo chake kile kilichopasuka, kwa sababu ya makofi yangu? Hapana.

Basi Jumamosi nikaamka nimekaza mkanda. Simu yangu nikaiweka juu ya stuli, imeegemea mkebe wa maziwa. Simu ya Mama Otis nikaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye nguzo ya kamba ya nguo, hiyo ya kuona kote. Simu yangu ya zamani ikaingia mfukoni mwa aproni yake. Nikavaa filimbi yangu ya michezo ya shule shingoni (ya kumwambia Mama Otis aanze, kwa sababu nilikuwa nimeshajiona director), na masikioni nikaweka earphones, nimechomeka kwa kile kisimu changu kidogo cha redio ambacho Achieng' alinielekeza niweke mafunzo yake yote humo, ili nimsikilize nikifanya kazi. Na kwa vile maneno ya Njoroge yalitaka tuonyeshe tofauti ya mpira uliokauka na mpira mbichi, Mama Otis akawasha jiko akaweka mipira mbichi, na moshi ukaanza kupanda mzito, mweupe, ukavuka paa, ukaenda juu kabisa. Nikasema, aki picha itakuwa nzuri.

Ikabaki kitu kikali, kikavu, kifupi. Nikajaribu sufuria, ikalia kizito. Nikajaribu mwiko kwa ndoo, hamna kitu. Ndio jicho langu likaanguka kwa nyundo, na jicho la pili likaanguka kwa ukuta wa nyumba yangu, ambao ni mabati.

Sasa, kwa wale msiojua. Huku kwetu nyumba zimebanana hivi kwamba gari la zima moto likija linabaki barabarani linalia tu. Kwa hivyo sheria ni moja, na kila mtu anaijua, mpaka mtoto wa chekechea: ukiona moto, gonga mabati mara tatu, pumzika, gonga mara tatu tena, na kama una filimbi piga, kama huna piga nduru. Na ukisikia, huulizi. Unatoka na maji. Maswali ni ya baadaye. Mimi mwenyewe nimekimbilia hiyo sauti mara mbili, mara moja nikiwa na sabuni kichwani. Kwa hivyo msiniulize nilifanyaje. Najua nilichokuwa najua. Lakini asubuhi hiyo kichwa changu hakikuwa cha mtu wa Gatwekera, kilikuwa cha mwanafunzi wa masters.

Nikainua nyundo. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Nikamwangalia Mama Otis aanze kuongea. Mama Otis alikuwa ananitazama macho yamemtoka, midomo inacheza, mikono inapepea, nikasema ah, ameogopa kamera, maskini (kumbe alikuwa ananipigia kelele, "Madam wacha! Madam, yawa, wacha!" na mimi masikioni nina Achieng' ananieleza juu ya mwanga). Nikamuonyesha dole gumba kwamba anaendelea vizuri. Nikasema wacha nirudie ndio tuwe na uhakika. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Halafu nikavuta pumzi, nikapiga filimbi, ndefu, ile ya kumaliza mechi.

Kitu cha kwanza kilichotokea ni kimya. Fundi wetu wa stima, Baba Shiro, alikuwa amerukia nguzo akakata waya wa laini nzima, yaani safu yote ya nyumba zetu, kama inavyotakiwa moto ukitokea, na kisiagi kikafa, na spika ya kanisa ikafa katikati ya wimbo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Jameni, sauti sasa imekuwa safi!"

Hapo ndipo ndoo ya kwanza iliponipata mgongoni.

Nikageuka. Nikatoa earphones. Na nikaona kitu ambacho hata leo nikikumbuka nywele zinasimama, kwa aibu ndio, lakini pia kwa kustaajabu. Watu walikuwa wametoka kila mlango. Kutoka bombani mpaka kwangu kulikuwa na mstari wa mikono, ndoo inapita kwa huyu, kwa yule, kwa yule, hakuna anayetoa amri, hakuna anayegombana, watu wengine humo najua kabisa hawasalimiani. Pasta wa Wasabato alikuwa mbele na suti, na kwaya yake nyuma na majoho meupe, kila mmoja na karai. Dada wa saluni alikuwa na mteja wake, huyo mteja amesukwa upande mmoja na upande wa pili umesimama kama umeona mzimu, na wote wawili wamebeba mtungi. Magodoro yalikuwa yanatoka, televisheni zinatoka, akina mama wamefunga watoto mgongoni wamekaa kando tayari kukimbia. Mchanga ukamwagwa kwa jiko. Maji yakamwagwa kwa jiko, kwa paa langu, kwa ukuta wangu, kwa mimi tena. Na kwa magunia. Kwa yale magunia ambayo Mama Otis alikuwa ameanika mipira ya wiki nzima.

Mzee Oduor ndiye mwenyekiti wa laini yetu, mzee wa reli aliyestaafu, mpole, hajawahi kupandisha sauti. Akaja mbele anapumua juu juu, suruali imelowa mpaka magotini.

"Moto iko wapi?"

"Hakuna moto, Mzee."

"Umeshazima?"

"Haikuwa, Mzee. Ni... ni video."

"Video?"

"Ya shule. Nilikuwa nagonga ndio sauti na picha ziende pamoja."

Nikasikia maneno yangu yakizunguka nyuma, mtu anamwambia mwenzake, anasema ni video, nini, video, ya nani, ya Madam. Halafu yule mteja wa saluni akashika ule upande wake ambao haujasukwa akasema, "Yaani mimi nimekimbia hivi, nusu, juu ya homework?" Watu wakaangua kicheko, wengine wakakaa chini kabisa, mwanakwaya mmoja akacheka mpaka karai likamtoka. Na si wote waliocheka. Kuna waliokusanya magodoro yao bila kuniangalia, na hao ndio walioniuma.

Mama Otis hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kwa magunia, ameingiza mkono kwa kile kilichobaki, uji mweusi unapita katikati ya vidole. Mwishowe akasema tu, "Madam. Wiki mzima." Ningetaka anitukane.

Na Mzee Oduor akangoja kicheko kiishe, kisha akasema pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Wewe ni mwalimu, kwa hivyo nitakuuliza swali moja tu. Siku moto itakuja ya ukweli, mtu asikie mabati, aseme ah, hiyo ni video ya Madam, arudi kukaa. Hapo tutakuwa tumebaki na nini?" Gari la zima moto halitufikii, hatuna kitu kingine, tuna hiyo sauti tu, na mimi nilikuwa nimeichukua nikaichezea kama kengele ya mapumziko.

Mchana wote nilirudisha magodoro. Nilipita mlango kwa mlango, nabisha, naomba msamaha, nashika upande mmoja wa godoro, mwenyewe anashika wa pili, tunaingiza. Mahali pengine nilipewa chai, mahali pengine nilipewa mdomo, vyote nikapokea. Pasta nilimkuta anakamua joho, nikamwambia Mama Otis amepoteza kazi ya wiki, akanikata: "Madam, leo ni Sabato. Kuokoa mtu siku ya Sabato ni ruhusa, Bwana mwenyewe aliokoa. Kufinyanga makaa, hapana. Kesho asubuhi." Nilidhani ananifukuza kwa heshima.

Jioni nikazitazama zile simu. Zote tatu zilikuwa hai. Zote tatu zilikuwa zimerekodi mpaka mwisho. Nikamtumia Achieng' kila kitu bila hata kuangalia, nikaandika, "Nimeharibu. Sina video. Mnitoe jina kama mnaweza, msirudie kwa ajili yangu." Nikafunika uso kwa mto.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti, na kwa mara ya kwanza Achieng' hakuanza na sifa. Alikuwa anahema.

"Nafula," akasema, hakuniita Madam. "Unajua mimi nasikiliza kwanza. Nimefunga macho hivi, nikasikia mabati tatu, mabati tatu, filimbi. Nimeamka. Nimeshika karai, nimeshika mtungi, nimefika mlangoni nje ndio nakumbuka hii ni faili. Nimesimama hapo nje na karai, jirani ananiuliza kuna nini. Mtu hajui hiyo sauti kama haishi hapa. Mimi niko Laini Saba, hapo hapo Kibera. Miaka tisa. Na wewe hukuenda field yoyote, wewe uko nyumbani."

Nikacheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Laini Saba! Ni mwendo wa kutembea, unafika kabla viatu havijashika vumbi. Miezi saba tumesoma pamoja, tumefundishana, tumeambiana tuchunge simu, kila mmoja akimficha mwenzake mahali ambapo wote wawili tunalala. Tukamwambia Njoroge. Njoroge akaandika akafuta, akaandika akafuta, halafu akatuma: "Mimi pia si Riruta. Riruta ndio inaanzia ng'ambo ya barabara yetu. Niko Kawangware, kwa mabati kama nyinyi." Na hapo, nawaambia, ndipo kikundi chetu kilipoanza.

Jumapili asubuhi nikasikia mtu anabisha. Nje alikuwa Pasta na shati kuukuu, nyuma yake kwaya nzima, hakuna joho, wamekunja mikono. Na dada wa saluni. Na yule mteja, amesukwa yote sasa, amefunga kitambaa. Mama Otis akawaonyesha kipimo, vumbi hivi, udongo hivi, maji usimwage ovyo, na wakakaa chini wakafinyanga, mikono mingi myeusi, wanaimba, wanapiga soga, wanamkosoa mmoja aliyekuwa anatengeneza mipira mikubwa kama vichwa. Kabla ya saa sita magunia yalikuwa yamejaa kuliko mwanzo. Nilipiga picha kwa simu moja, mkono umetulia. Nikaomba ruhusa ya kila uso. Mzee Oduor akanipa sharti moja: "Hiyo sauti isiingie kwa video yenu. Watu watacheza hiyo kitu kwa simu huku na huku. Leo wakimbie, kesho wachoke."

Nikampigia Achieng' nikijua namwambia kitu kigumu, kwa sababu ule mlio ndio uliokuwa umetugharimu, na ulikuwa umetoka mzuri, mkali, mkavu, mfupi, kwa faili zote tatu. Akasema tu, "Ni kweli. Nimekuelewa." Njoroge akajifunika blanketi mbili kule Kawangware akasoma maneno mapya, na saa kumi na moja na nusu video ikaingia.

Tuliionyesha Jumatano, darasa zima likiwa mtandaoni. Sijui niwaelezeje alichofanya Achieng'. Unaniona mimi, mjinga, filimbi shingoni, nainua nyundo, na nyundo inapogusa mabati, sauti inakatika. Kimya kabisa. Na katika hicho kimya watu wanatoka milangoni, ndoo zinapita mkono kwa mkono, majoho meupe yanakimbia, unaona vinywa vinaita na husikii kitu, mpaka ile mikono ya Mama Otis ndani ya uji mweusi. Na sauti inayorudi ni ya mkono wa kwanza wa Jumapili ukifinyanga. Mhadhiri wetu akaingilia, "Kikundi cha tatu, hapo katikati sauti yenu imepotea?" Achieng' akajibu, "Haijapotea, Mwalimu. Tumeiweka mahali pake." Tulipita. Sote. Lakini mimi bado nilikuwa na lile swali la Mzee Oduor, na hilo hakuna chuo kingenisahihishia.

Likasahihishwa wiki tatu baadaye. Alhamisi, saa kumi jioni, natoka shule na madaftari kwapani, napita mlango wa Baba Shiro, fundi wetu wa stima, naona moshi unatoka juu ya pazia. Si moshi mweupe wa mipira mbichi. Mweusi, na unanuka plastiki. Baba Shiro hakuwepo, alikuwa kazini, na ndani najua kuna mama mkwe wake, mgonjwa, wa kulala tu. Madaftari yakaanguka. Nikaokota jiwe, nikasimama mbele ya mabati, na mkono ukakataa. Nilisikia sauti zao kabla hazijatoka: ah, ni video ya Madam. Nikagonga. Tatu. Nikangoja. Tatu. Nikapiga nduru ya kwetu Bungoma, ile ya kutoka tumboni. Kukawa kimya, kidogo tu, lakini kwangu kilikuwa kirefu, na ndani ya hicho kimya niliomba Mungu na nikajilaani.

Halafu stima ikakatika (kijana wa saluni ya jirani alikuwa ameshajifunza kukata waya kwa nguzo). Halafu miguu. Miguu mingi, kutoka kila upande. Mama Otis alikuwa wa kwanza, mikono bado myeusi, aliingia ndani ameinama na shuka lililolowa, na tukamtoa yule nyanya mimi na yeye, mmoja kichwani mmoja miguuni, anakohoa, anatukana, mzima. Pazia liliungua na redio na nusu ya meza. Kwisha. Hakuna nyumba ya pili iliyoguswa.

Basi nimeapa. Sitashika tena nyundo karibu na ukuta kama si moto, sitaziba tena masikio yangu nikiwa mahali ambapo watu wanaongea na mimi, na mtu akiniuliza naishi wapi namjibu Gatwekera kabla hajamaliza swali. Mimi na Achieng' sasa tunafundisha akina mama wawili wa hapa kutengeneza video, na tukitaka kulinganisha sauti tunapiga makofi karibu kabisa na simu, hata kama inabidi tungojee kisiagi kipumzike.

Siku ile ya moto, tukiwa bado tumekaa chini nje kwa Baba Shiro, tumelowa, nyanya amepewa maziwa, Mzee Oduor alinipitia na ndoo tupu mkononi. Akasimama. Akaniangalia nguo, masizi, viatu vya shule vimejaa maji.

"Madam," akasema, "leo simu umesahau?"

Laini nzima ikaangua kicheko, na safari hii wote walicheka.